Vifaa vya mwongozo wa msumeno wa meza vya kutengeneza mwenyewe

Misumeno ya meza inayochomelewa kwenye karakana zetu huwa na mota ya kutosha, diski ya inchi 10 na meza ya bati nene. Kinachoachwa hadi mwisho ni mwongozo, yaani ile pembe ambayo ubao huegemea ukipasuliwa. Mara nyingi ni kipande tu cha chuma cha engo kilichobanwa kwa klampu mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na fundi hukipima upya kila anapokisogeza. Hata hivyo mashine hiyo inaweza kupasua mbao safi kabisa ukiivalisha vifaa vichache vya mabaki ya plaiwudi.

Kwenye kila kifaa, swali la kuanzia ni hili: ubao utabanwa wapi? Meno ya mbele ya diski hushuka, hivyo hukandamiza ubao mezani. Ya nyuma hupanda. Ubao ukibanwa kati ya mwongozo na meno ya nyuma, hunyanyuliwa na kurushwa kwa anayeusukuma. Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, meno yake hukimbia karibu kilomita 136 kwa saa, na kipande kinaweza kuondoka kwa kasi inayokaribia hiyo. Ndiyo maana fundi husimama pembeni ya mstari wa diski, na ndiyo maana kisu cha nyuma, lile bati linaloingia kwenye mpasuo ili usijifunge, halipaswi kung'olewa. Kama mashine yako haina, mpe mchomeleaji kazi hiyo kwanza. Kwa diski inayoacha mpasuo wa milimita 3 na ambayo bamba lake ni kama milimita 2.2, bati la milimita 2.5 linafaa: liwe nene kuliko bamba la diski, jembamba kuliko mpasuo.

Unyoofu kwanza

Kifaa kizuri kwenye mwongozo uliopinda ni hasara. Zima mashine, chomoa waya. Tia chaki jino moja la diski, lizungushe lije mbele, pima umbali wake hadi kwenye mwongozo. Lizungushe jino lile lile hadi nyuma, pima tena. Ukitumia jino moja, kuyumba kwa diski hakutakudanganya. Vipimo viwili viwe sawa, au nyuma pawe wazi zaidi kidogo, isizidi milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu za kawaida. Nyuma pakiwa pembamba kuliko mbele, utaona alama nyeusi za kuungua kwenye ubao, utasikia mota ikilemewa, na baada ya hapo ndipo ubao hurudi.

Mwongozo wa klampu mbili huhama kwa sababu ya mtikisiko, hasa upande wa nyuma. Kubandika msasa chini ya chuma husaidia kwa muda. Dawa yenyewe ni kichwa cha T: skwea paipu ya milimita 50 kwa 50 inayokumbatia ukingo wa mbele wa meza, urefu wake usipungue milimita 300, na mwongozo ukifungwa juu yake kwa bolti mbili za M10, yaani za kipenyo cha milimita 10. Usichomelee kiungo hicho. Moto huvuta chuma, na ukishachomelea huna tena pa kurekebishia. Tundu moja litoboe la kawaida, la pili lipanue kwa tupa ili mwongozo uweze kuzungushwa kidogo kabla ya kukaza nati. Ukingo wa mbele wa meza nao lazima uwe mnyoofu. Uliokatwa kwa gesi na haukusagwa utakupa kipimo tofauti kila unapousogeza mwongozo.

Uso wa mbao, mrefu na mfupi

Juu ya chuma funga uso wa plaiwudi ya milimita 18, kimo cha milimita 100, urefu sawa na wa meza. Bolti zipite kutokea nyuma, au vichwa vya skrubu vizamishwe vizuri na vikae juu kuliko diski inavyoweza kufika. Ukingo wa chini upunguze kwa randa mshazari wa milimita 3. Ni kazi ya dakika moja, lakini vumbi la mbao hupata pa kujificha. Bila nafasi hiyo hujikusanya kwenye kona, ubao unasogea nje na kipimo kinapotea bila mtu kuelewa kwa nini. Paka nta ya mshumaa, usipake oili: oili huingia kwenye mbao na baadaye gundi na vanishi hugoma.

Uso mrefu, wa kimo cha milimita 250 na wenye mihimili ya pembetatu nyuma kila baada ya milimita 200, ni wa kusimamisha paneli za milango. Uhakiki kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba, dhidi ya meza, na kwa diski pia, maana meza za bati huweza kubonyea katikati.

Uso mfupi ndio ambao mafundi wengi hawaujui, na kwa maoni yangu ndio wenye faida kuliko yote kwa mbao zetu. Paina inayouzwa ikiwa bado na maji, na hata mninga uliokaushwa haraka, ina mvutano ndani. Ukiipasua, vipande viwili hufunguka au hujikunja baada tu ya kupita diski. Mwongozo ukiendelea hadi nyuma ya diski, kile kipande kinachofunguka hakina pa kwenda zaidi ya kurudi kwenye meno. Chukua kipande cha plaiwudi ya milimita 18, kibane kwenye uso wa mwongozo, mwisho wake ufike kati ya meno ya mbele na kitovu cha diski, usizidi hapo. Ubao uliokwisha kukatwa unakuwa na nafasi ya milimita 18 ya kujinyoosha. Kumbuka tu kuongeza hizo 18 kwenye kipimo chako. Kwa MDF (mbao za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi) na plaiwudi, ambazo hazina mvutano huo, rudisha uso wa urefu wote.

Kitana

Kitana hukandamiza ubao kwenye mwongozo na kuuzuia kurudi nyuma. Chagua ubao wenye nyuzi zilizonyooka kwa urefu, usio na fundo, unene milimita 20, upana 100, urefu 400. Kata ncha yake mshazari, digrii 30 kutoka mstari wa guni. Kisha chora mistari ya urefu kila baada ya milimita 9: msumeno ukila 3, kidole kinabaki na 6. Kina cha mpasuo kiwe milimita 65. Kata kwa msumeno wa mkono au wa utepe. Kuikata mipasuo hiyo kwenye msumeno wa meza bila kuegemea popote ni kutafuta majeraha.

Kidole cha kwanza, kinachopokea ubao, kipunguze milimita 2. Wakati wa kufunga, kisogeze kitana hadi kidole hicho kifupi kiguse ubao, kaza. Vidole vingine vitakuwa vimejipinda kiasi kinachotakiwa bila kubahatisha. Jaribu mashine ikiwa imezimwa: ubao uende mbele kwa kusukumwa kwa mkono mmoja, na ukiuvuta urudi, ugome. Ukirudi kirahisi, vidole ni vigumu mno au vimegusa kidogo mno. Kwa mninga au mtiki ongeza kina hadi 75, la sivyo vidole havijipindi. Vikivunjika, angalia nyuzi. Karibu kila mara zimekatisha kidole badala ya kukifuata.

Mahali pa kukiweka ndipo penye kosa kubwa. Vidole vyote vikae kabla ya diski, cha mwisho kikiwa kama milimita 20 mbele ya meno. Kitana kikiwa ubavuni mwa diski, kinausukuma mpasuo ujifunge kwenye diski, na umetengeneza ile ile hatari uliyokuwa ukiikwepa. Klampu moja haitoshi kwa sababu kitana huzunguka. Weka ya pili, au kiegemeze ubao mwingine kwa nyuma. Meza zetu nyingi hazina mfereji wa kufungia, na klampu haifiki katikati. Toboa matundu mawili kwenye bati, chomelea nati za M8 kwa chini, na kwenye kitana kata nafasi ndefu mbili za bolti.

Kizuizi na kiatu

Kukata vipande vingi vya urefu mmoja, usitumie mwongozo wenyewe kama kizuizi cha ncha. Kipande kilichokatika kitabaki kati ya mwongozo na diski, kitazunguka kidogo na kuruka. Bana kitofali cha mbao chenye unene wa milimita 25 kwenye mwongozo, chote kiwe kabla ya meno. Ncha inagusa kitofali, inakiacha, kisha inakutana na diski, na kipande kilichokatika kinabaki huru. Ongeza 25 kwenye kipimo. Kwa unene huo hesabu hufanyika kichwani. Kona yake ya chini ikatwe kidogo kwa ajili ya vumbi.

Kiatu cha kusukumia ni plaiwudi ya milimita 18, urefu 300, chini pawe bapa ili kikandamize ubao kwa urefu, na kisigino cha milimita 6 kwa nyuma. Kile kijiti chembamba chenye mdomo kinachoonekana kila karakana husukuma tu, hakikandamizi, na ubao hunyanyuka nyuma yake. Kisigino kiunganishwe kwa gundi peke yake. Msumari au skrubu karibu na chini utakutana na diski siku kiatu kitakapoliwa, nacho lazima kitaliwa. Kwa vipande vyembamba kuliko milimita 10, acha kiatu kipite juu ya diski na kukatwa pamoja na ubao. Kikichoka badilisha nyayo. Glavu ziache ukutani, uzi wake mmoja ukishikwa na jino unavuta mkono mzima.

Andika kwa kalamu juu ya kila kifaa diski iliyotumika na unene wake. Uso uliokatwa kwa diski ya mpasuo wa milimita 3 hautakuambia ukweli ukifunga diski nyembamba.