Ombi la Jane Manning James

Leo nimesoma tena masimulizi ya maisha ya Jane Manning James, aliyoyatoa kwa mdomo mwaka 1893 akiwa mzee, na moyo wangu bado haujatulia.

Jane alikuwa mwanamke mweusi aliyezaliwa huru huko Connecticut, Marekani, akajiunga na Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1840, likiwa bado changa. Mwaka 1843 alifunga safari na jamaa zake kwenda Nauvoo, Illinois, kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa hilo. Walipofika Buffalo wakanyimwa nafasi katika meli, basi wakashika njia kwa miguu, mwendo wa takriban maili 800. Anasimulia kwamba viatu viliwaishia, nyayo zikapasuka hata zikaacha alama za damu ardhini, wakasimama kumwomba Mungu awaponye, na miguu ikapona. Smith alimpokea nyumbani kwake, akampa kazi na mahali pa kuishi.

Mwaka 1847 alifika Utah pamoja na mumewe, Isaac. Huko jirani yake, Eliza Lyman, aliandika katika shajara yake kwamba Jane alimpa ratili mbili za unga, karibu nusu ya akiba yake yote. Mstari huo mfupi unanieleza imani ya Jane kuliko sifa zote alizopewa baadaye.

Kilichoniuma ni majibu aliyopewa. Kwa kuwa Kanisa liliwazuia watu weusi kupokea ibada za juu za hekaluni, Jane aliwaandikia viongozi mara kwa mara akiuliza kama hapakuwa na baraka yoyote kwa ajili yake. Mwaka 1894 wakakubali aunganishwe na Joseph Smith, aliyekwisha kufariki zamani, kwa ibada ya hekaluni inayowafunga watu pamoja kwa umilele, lakini kama mtumishi wake, na hata ibada hiyo ilifanywa na mwanamke mwingine kwa niaba yake, yeye akiwa hai, mjini humo humo.

Wapo wanaomsifu kwa unyenyekevu. Mimi naona sifa hiyo inampunja, kwa maana baada ya ibada ile Jane hakuridhika, bali aliendelea kuomba zile ibada za hekaluni alizokuwa ameziomba tangu mwanzo, hadi alipofariki mwaka 1908. Katazo lenyewe liliondolewa mwaka 1978.