Mdogo wangu anataka mashine ya kunusa rupia

Jumanne nimerudi kazini nimelowa mpaka soksi. Sijavua hata viatu, nafungua simu nakuta sauti ya dakika nne kutoka kwa mdogo wangu Kilwa. Shikamoo ya mbio mbio, halafu hoja: nimnunulie ile mashine inayopiga pii pii ikinusa madini. Kaiona mtandaoni, paundi 300 na ushei. "Si ndiyo kazi yako, kaka, kuchimba? Huku Kivinje Mjerumani kafukia vitu, watu wanalala maskini juu ya rupia."

Milioni moja hiyo, jamani. Na mwezi uliopita nimetuma ya bati.

Kinachoniuma si hela. Miaka sita niko Uingereza nafanya akiolojia, na nyumbani bado najulikana kama yule anayetafuta dhahabu ya wazungu. Dhahabu sijawahi kuigusa. Tangu mwongozo wa mipango miji wa 1990, anayetaka kujenga hapa anaweza kutakiwa kulipia uchunguzi wa kilichomo ardhini kabla ya kumwaga zege. Ndipo sisi tunapoingia, na mwiko wa inchi nne, ndoo na toroli, mvua ikitupiga mgongoni. Kutwa nzima nasoma rangi ya udongo. Shimo alilochimba mtu miaka 2,000 iliyopita halifutiki, kwa sababu udongo uliolijaza baadaye haufanani na wa pembeni.

Tabaka la chini limetangulia la juu, isipokuwa panya, mizizi au mchimba choo wamevuruga. Kila tabaka tunalipa namba, tunalichora, tunalipiga picha, ndipo tunaliondoa. Nikamwambia mdogo wangu hivi: ukikuta heller, ile sarafu ndogo ya Mjerumani, ya 1913 chini kabisa ya shimo la takataka ambalo halijavurugwa, basi shimo hilo halikuanza kujaa kabla ya 1913. Linaweza kuwa la baadaye sana, maana sarafu hukaa mifukoni miaka. Lakini ukiing'oa kwa jembe ukaitia mfukoni, umebaki na kipande cha chuma.

Akacheka. Nikamtolea mfano wa kwetu. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Akazitia kwenye kopo. Zilipokuja kutambuliwa mwaka 1979, tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa hii hii! Zilifikaje? Jahazi la nani? Hajulikani, kwa sababu alichobaki nacho Isenberg ni alama ya X kwenye ramani, hakuna tabaka, hakuna kigae kilichokuwa pembeni. Mwaka 2013 watafiti walirudi kutafuta, hawakupata hata moja ya kuongezea. Sisi tuliofika Australia, kama tulifika, ushahidi wetu umekaa kwenye kopo.

Halafu kuna Shanga, kule visiwa vya Lamu. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya magofu ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, na ya mwanzo kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo. Ile hadithi kwamba miji yetu ilishushwa nzima nzima kutoka jahazini na wageni ilianza kulegea pale. Haikulegezwa na dhahabu. Ilikuwa mashimo ya nguzo na vigae vya vyungu vya kienyeji.

Hapa kazini nami niliwahi kutamba. Tulikuwa kwenye makazi ya Enzi ya Chuma, yaani kabla ya Warumi kuja huku, wenzangu wakitupa kwenye ndoo mabonge mekundu ya udongo ulioungua. Nikageuza moja: alama za fito, wazi kabisa, mbili zimepishana. Nikasema huu ni udongo wa kukandikia, nyumba hii iliungua. Wao walisoma vitabuni. Mimi nimekandika ya bibi. Mabonge yakatolewa kwenye ndoo, yakaoshwa, yakatiwa mifukoni na namba. Nyumba ya bibi yenyewe tuliivunja kwa aibu tukaweka tofali.

Ila wiki hiyo hiyo nikageuka mtaalamu wa Afrika nzima. Mara naulizwa kuhusu vyungu vya Mali, mara kwa nini "watu wenu" huzika hivi. Mali sijawahi kufika! Mlinganisho wa walio hai na waliokufa unakupa dhana, haukupi jibu, na hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Mwaka 1935 Jomo Kenyatta aliingia darasani kwa Malinowski, mwalimu wa anthropolojia, hapa London, akaishia kuandika habari za Wagikuyu mwenyewe. Huwa namkumbuka nikiwa nimekaa na chai yangu ya chupa kwenye kontena, nikiulizwa tunakula nini.

Wanaoniandikia wakitaka kuja kusomea hii kazi: njooni na leseni ya udereva, mfanye mtihani wa kadi ya usalama ya maeneo ya ujenzi, na msikope ada. Mshahara wangu unazidiwa na wa dereva wa basi. Goti langu la kulia lina umri wa baba yangu.

Mdogo wangu nilimjibu: mashine situmi. Hata hapa ukiokota hazina una siku 14 za kutoa taarifa, ni sheria ya 1996. Na kwetu kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa tangu sheria ya 1964. Akanuna siku mbili.

Leo katuma picha. Kachimba tayari, chini ya mkwaju, kiuno kizima. Nilitaka kumtukana. Lakini ukuta wa shimo lile, nakwambieni, majivu meusi yamejipanga mstari, juu yake udongo mwekundu, na ncha ya kigae imechomoza. Nikamwandikia: usiguse kitu, weka rula pembeni upige tena.

Kaweka panga. Nimemuuliza lina sentimita ngapi, hajajibu.