Mala ya Kuchuja: Protini ya Maziwa kwa Anayepunguza Uzito

Chukua kiamshakinywa cha kawaida cha Nakuru: kikombe cha chai, nusu maji nusu maziwa, vijiko viwili vya sukari na slesi mbili za mkate. Maziwa yaliyo kwenye kikombe hicho ni kama mililita 125, na ndani yake mna gramu 4 za protini. Mkate unaongeza gramu 5 hivi. Mtu wa kilo 80 anayepunguza uzito anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, yaani 96 kwenda juu kwa siku. Ameanza siku na 9. Ndiyo maana saa nne asubuhi tumbo linanguruma na mandazi ya kibandani yanamwita kwa jina.

Kazi ya protini ya maziwa ni kuziba pengo hilo la asubuhi. Haichomi mafuta, hata kama wauza mikebe ya unga wa protini wanasema hivyo. Inachofanya ni vitu vitatu: inashibisha kwa muda mrefu kuliko mkate, mwili hutumia kalori 20 hadi 30 katika kila 100 za protini kuisaga tu, na inalinda misuli. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Mtu akijinyima chakula bila mpango, takriban robo ya kilo anazopoteza huweza kuwa misuli, si kitambi. Misuli ikienda, mwili unahitaji chakula pungufu kuliko mwanzo, na uzito unarudi mbio.

Ila kuna sharti. Ukiongeza glasi mbili za maziwa juu ya ugali uleule na chapati zilezile, utanenepa. Maziwa lazima yaondoe kitu kingine kwenye sahani.

Protini ya maziwa ya ng'ombe ni ya aina mbili kuu. Asilimia 80 hivi ni kaseini, inayoganda tumboni na kusagwa polepole. Asilimia 20 ni protini ya wei, iliyomo kwenye yale maji ya kijani-manjano yanayojitenga mala (maziwa yaliyogandishwa kwa chachu) ikikatika. Wei husagwa haraka na ina leusini nyingi, kiungo kinachoiamsha misuli ijijenge. Unga wa mkebe wa mazoezi ni wei iliyokaushwa. Lakini kwa anayeishi Njoro, Molo au Nandi, ambako maziwa yanatoka zizini hadi jikoni kwa pikipiki, mkebe si lazima. Mala ya kuchuja inatosha, nayo ina kaseini na sehemu ya wei pamoja.

Anza na lita 2 za maziwa mabichi. Chemsha, kisha teremsha moto yakae karibu na kuchemka kwa dakika kumi ukikoroga. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hiyo usiogope kuyaacha yatokote polepole. Moto huo unaua brusela, bakteria wa ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na pia unafanya protini ya wei ing'ang'anie kaseini, ili wakati wa kuchuja isimwagike na maji. Anayechemsha mara moja na kuepua hupata mala nyepesi, kisha analaumu ng'ombe.

Weka sufuria ndani ya maji baridi, kisha mahali penye baridi usiku kucha. Asubuhi ondoa malai yote ya juu kwa kijiko kipana. Kwa mkono huwezi kutoa mafuta yote, lakini hata nusu ni kitu: lita 2 za maziwa ya Friesian zina gramu 70 hivi za mafuta, na kila gramu ni kalori 9. Maziwa ya Jersey yana mafuta zaidi na protini zaidi. Maziwa ya pakiti hayatoi malai hivi kwa sababu kiwandani mafuta yamesagwa yakatawanyika. Kwa hayo nunua yaliyoandikwa kuwa yamepunguzwa mafuta.

Pasha tena yawe vuguvugu ya kidole, nyuzi 25 hadi 30. Tia vijiko vikubwa vitatu vya mala mpya isiyo na sukari kwa kila lita, koroga, funika. Kisumu, penye joto, yatakuwa tayari kwa saa 12 au pungufu. Nakuru usiku wa Julai yanaweza kukaa saa 24 bila kushikana. Yafunge kwa blanketi au uyaweke ndani ya kikapu chenye nguo. Usiyaweke juu ya jiko yakiwa na chachu, bakteria watakufa.

Yakishashikana kama uji mzito, mimina kwenye kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, kilichotandikwa juu ya chujio na bakuli. Funga ncha nne, ning'iniza mahali penye baridi kwa saa nne hadi sita. Kitambaa chenye matundu makubwa kitapitisha mala yenyewe. Chenye kubana sana, kama leso nzito, kitaziba baada ya nusu saa. Ukiona maji yanayodondoka ni meupe kama maziwa, simamisha: ama mala haijashikana, ama ulikoroga sana ukavunja mgando.

Utabaki na gramu 800 hivi za kitu kizito, takriban gramu 7 za protini katika kila 100. Bakuli la gramu 300 ni gramu 21 za protini kwa kalori 200 hadi 250. Linganisha na chai na mkate ule wa mwanzo. Kula na nusu ya parachichi au ndizi moja, au weka chumvi, dania na pilipili ule na sukuma na kipande cha ugali kilicho nusu ya ulichozoea. Sukari ikiingia, umerudi kwenye mandazi kwa mlango wa nyuma. Maji yaliyobaki yana laktosi nyingi na protini kidogo. Mpe nguruwe au mbwa.

Mala isiposhikana kabisa, mara nyingi tatizo si mikono yako. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa yenye mabaki ya antibiotiki, na dawa hiyo inaua chachu kama inavyoua ugonjwa. Ndiyo maana mfugaji anaambiwa amwage maziwa kwa siku alizoandikiwa. Maziwa yaliyotiwa magadi yasiharibike njiani huchelewa kuganda kwa sababu magadi yanameza asidi. Yaliyotiwa maji hushikana, lakini unapata nusu bakuli. Mchuuzi mwaminifu hakatai laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa kikilinganishwa na maji: maziwa mazima husoma kati ya 1.028 na 1.032.

Asiyependa uchachu wa mala agandishe maziwa kwa limau. Maziwa yaliyoondolewa malai, moto hadi karibu kuchemka, epua, kisha tia maji ya limau kidogokidogo, vijiko vikubwa vitatu kwa lita, hadi maji yawe angavu. Chuja, kandamiza kwa jiwe nusu saa. Ni ile panir ya Wahindi wa Kisumu, nayo inakaangwa bila kuyeyuka. Ukitumia maziwa yenye malai yote, karibu mafuta yote yanabaki ndani, basi kalori zinapanda.

Unga wa wei una nafasi yake: kwa aliye safarini, mzee asiyeweza kula sana, au anayenyanyua vyuma. Soma lebo. Gawanya gramu za protini kwa uzito wa kijiko kimoja cha mkebe: 24 kwa 30 ni asilimia 80, hiyo ni wei ya kweli. Ukipata asilimia 20 au 30, ule ni unga wa kunenepesha, umejaa wanga, na wengi huununua kwa kuwa mkebe wake ni mkubwa na bei yake inavutia. Usiutie kwenye uji wa wimbi unaochemka. Wei huganda kuanzia nyuzi 70 hivi na utapata vidonge kama yai. Haijaharibika kilishe, inaudhi tu. Acha uji upoe hadi unyweke, koroga unga kwenye maziwa baridi kwanza, ndipo umwage.

Anayevimba tumbo kwa maziwa kwa kawaida hasumbuliwi na protini bali laktosi. Mala na panir zina laktosi pungufu kuliko maziwa. Anza na nusu kikombe. Mwenye mzio wa protini ya maziwa, anayepata vipele au kubanwa pumzi, hata mala asiguse, na unga wa wei ndio kabisa. Mwenye figo mbovu asipandishe protini kabla ya kuulizia kliniki. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi apime sukari mara nyingi zaidi akipunguza wanga, kwani inaweza kushuka kupita kiasi.

Na kuhusu dawa: kalsiamu ya maziwa hushika baadhi yake tumboni. Doksisaiklini na siprofloksasini zitenganishwe na bakuli lako kwa saa mbili, na dawa ya tezi ya levothairoksini kwa saa nne. Anayeimeza asubuhi kabla ya kula, basi mala yake ni ya mchana.