Nyumba yetu ya Igombe na maneno ya watu

Tangu watu wasikie tunauza nyumba ya Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kila mtu amekuwa mtaalamu. Dalali wa mtaani ndiye aliyetangulia: “Mama, hapa ni karibu na maji, taja bei ya juu, mandhari inalipa.”

Sawa, inalipa. Ila mnunuzi wa kwanza mwenye hela ya kweli alikuja na wakili, na wakili hakuangalia mawimbi wala machweo. Alivuta futikamba kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na banda letu la kuku pamoja na jiko la nje vimo humo humo. Nyumba yenyewe imenusurika. Kwa hiyo ukisikia upepo wa Nyanza ukikupepea ukiwa sebuleni, kabla ya kupandisha bei hesabu mita.

Shemeji naye ananiambia hati ina jina la mume wangu peke yake, kwa hiyo yeye atasaini, mimi nikae pembeni. Nilicheka. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijauzwa, na wakili yule aliniulizia hata kabla hajanywa chai.

Na wanaosema nipake rangi mpya kwanza? Sipaki. Mnunuzi anarudi Jumamosi na mpima ardhi. Bei sijashusha, ila banda la kuku nimeshaliondoa kwenye hesabu.