Nilivyogeuzwa Konda Johannesburg

Habari za basi kutoka Dar hadi Johannesburg siziandiki. Aliyewahi kulala mpakani Tunduma kwa ajili ya mihuri anazijua, na ambaye hajawahi namwombea asizijue. Gesti nayo ilikuwa balaa: randi mia nne kwa usiku, maji ya moto yanatoka alfajiri tu, na mhudumu anadai umwekee amana ya taulo. Taulo lenyewe limetoboka.

Nje ya mzigo nilioufuata, nilikuwa na haja moja: kufika Rosettenville, kusini mwa jiji, mtaa aliouawa Lucky Dube, yule mwimbaji wa reggae wa Afrika Kusini.

Kituoni nikakuta haisi karibu inajaa, siti ya mbele iko wazi. Kwetu siti ile watu wanaigombania. Nikaruka, nikakaa, nikajinyoosha. Gari halijamaliza kona ya kwanza, naguswa bega: noti ya mia na maneno ya Kizulu. Mkono mwingine ukaja na hamsini, mwingine na lundo la sarafu. Dereva akaninyooshea kidevu tu. Kumbe kule hakuna konda. Abiria wa mbele ndiye anayekusanya nauli na kurudisha chenji, tena bure! Nikaanza kuhesabu kwa sauti, wanne kwenye mia, wawili kwenye hamsini, huku nyuma manung'uniko yanapanda.

Mama mmoja wa siti ya pili akaniinamia sikioni. "Papa, unatokaka Tanzania?" Alikuwa mtu wa Lubumbashi, Kongo, anauza nguo. "Hesabia mu roho, papa. Huku luga yetu haipendwake." Akaanza kuninong'oneza nani anadai ngapi, nami nagawa. Mwisho zikapungua randi ishirini. Dereva akanitazama mpaka nikazitoa mfukoni mwangu. Nauli yangu mwenyewe nilishalipa.

Onyo la yule mama lilinikaa kuliko zile randi. Usiku wa Oktoba 18, 2007, Lucky Dube alikuwa amewaleta watoto wake kwa ndugu pale Rosettenville, majambazi wakalitaka gari lake, wakampiga risasi. Baadaye mahakamani ikasemwa walidhani ni Mnigeria. Mtu aliyezaliwa Ermelo mwaka 1964, aliyeanza muziki kwa kuimba mbaqanga, muziki wa dansi wa kwao, kwa Kizulu! Watatu walifungwa maisha mwaka 2009. Mimi bado najiuliza: angekuwa Mnigeria kweli, ndiyo ingekuwaje?

Mtaa wenyewe una maduka ya simu, saluni na Wareno wazee wanaouza mikate. Nilimuuliza kijana aliyekuwa anaosha gari. Akasema baba yake ndiye mpenzi wa nyimbo zile, akaendelea kusugua rimu.

Kwetu asingejibu hivyo. Basi lolote la bara lilikuwa na kaseti ya Dube, ya kudurufu bila shaka, na konda asiyejua Kiingereza aliimba Prisoner mwanzo mpaka mwisho kwa maneno ya kubuni. Nani pale alijua kwamba Dube alipohamia reggae kwa Rastas Never Die, mwaka 1984, albamu iliuza kidogo sana na serikali ya makaburu ikaipiga marufuku? Kampuni ilimtaka arudi kwenye mbaqanga iliyokuwa inalipa. Akakaza, ikaja Slave, ikaja Prisoner, Afrika nzima ikasimama. Tena alikuwa rasta asiyevuta bangi wala kunywa pombe, habari ambayo marasta wa kijiweni kwetu hawakubali hata uwaapie.

Amezikwa shambani kwake Newcastle, KwaZulu-Natal, na nilitamani kufika. Mwenye gari mmoja akanitajia bei. Nikamuuliza kama ni ya kwenda na kurudi. Akacheka, akasema ni ya kwenda. Kesho yake nikapanda basi la Beitbridge, mpakani na Zimbabwe, na mzigo wangu, na taulo la gesti hawakunirudishia hela yake mpaka leo.