Siku moja maishani mwangu: stadi 24, spesa nne na mlio ulionidanganya

Saa moja asubuhi. Nafika gereji nakuta pikapu ishapaki mlangoni, jamaa yuko ndani kalaza kiti anakoroma. Ni yule yule wa wiki iliyopita. Alifunga tairi pana, sasa kila akikata usukani hadi mwisho zinasugua amu ya juu kwa ndani (ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu), kwa hiyo anataka spesa za milimita 10, yani bapa linalokaa kati ya rimu na habu (kile kitovu kinachobeba tairi), zisogeze tairi nje. Wiki iliyopita nilimrudisha coz spesa alizokuja nazo zilikuwa za Hilux na gari yake ni Ranger. Zote tundu sita, zote zimepangwa kwenye duara la milimita 139.7, kwenye stadi (zile bolti za habu zinazofungwa nati za tairi) zinaingia bila kubishana, ila tundu la kati la Hilux ni 106.1 na la Ranger ni 93.1, yani spesa inabaki kuning'inia kwenye stadi tu, habu haiishiki, afu ukichanganya mwendo usukani unatetemeka unaanza kulaumu balansi. Leo kaja na zenyewe, tena zina mdomo wa kushikia rimu, maana bapa la milimita 10 linaweza kumeza mdomo wa habu wote rimu ikakosa pa kukaa.

Saa mbili. Kabla sijanyanyua gari nafungua nati moja kwa mkono nahesabu mizunguko hadi itoke: tisa. Thredi ya stadi hizi kila mzunguko ni milimita 1.5, sasa ukiweka spesa ya 10 umekula karibu mizunguko saba, inabaki miwili na kidogo ndo imeshika tairi zima. Hapo hata kwenda kituo cha mafuta sithubutu. Stadi ya milimita 12 mi nataka nati iume milimita 12 kwenda juu, yani mizunguko minane. Ndo maana nikamwambia atafute stadi ndefu, akapata zilizozidi za zamani kwa milimita 20.

Akaniuliza, "Fundi, si tungefunga zile spesa zinazokuja na stadi zake tukaacha hizi?" Nikamwonyesha: zile lazima ziwe nene ncha ya stadi ya zamani ipate pa kujificha, nyingi zinaanzia milimita 25 hivi, na kwa tairi hizi ukisogeza 25 unatoka kusugua amu unaenda kusugua madigadi. Nikamwambia pia kabisa kwamba hata hizi za 10 usukani atausikia tofauti, tairi likisogea nje shimo likipigwa linavuta mkono zaidi na beringi nazo zinabeba kwa taabu zaidi. Akasema sawa sawa, ile sawa ya mtu ambaye hajasikia.

Saa tatu. Mbele kushoto. Jeki, stendi, jiwe nyuma ya tairi la nyuma. Kalipa, ile inayobana diski ya breki, natoa nalifunga na waya kwenye springi, halining'inii kwa paipu ya breki hata dakika moja. Diski imeganda na kutu, nimeigonga gonga kwa mpira ikaachia. Stadi za zamani wengi wanazipiga nyundo, mi kwenye habu yenye beringi roho inaniuma, natumia klampu inazisukuma taratibu hadi ilie tak, imetoka.

Kazi ikaanza kwenye kurudisha. Stadi ndefu lazima ipitie nyuma ya habu na nyuma kuna kinga ya vumbi, ya zamani ilipita ila hii imezidi urefu inagonga. Nikazungusha habu hadi pale kalipa linapokaa, pale kinga imekatwa, bado ikagoma kwa kidogo tu kama inanitania, ikabidi nikunje ukingo wa kinga na pliaze. Stadi sita kwa tundu moja hilo hilo, unazungusha unaingiza, unazungusha unaingiza.

Kuzivuta zikae: unapanga washa mbili tatu zenye grisi katikati, unaweka nati ya zamani ambayo hutaihitaji tena, unakaza kwa spana ya mkono. Dogo kashachukua mashine ya upepo. Nikamnyang'anya. Kwa mkono unasikia meno ya stadi yanavyoingia kwenye habu, kinakaza kinakaza afu ghafla kinakuwa kigumu kabisa, hapo kichwa kimelala. Mashine haikwambii hivo, inanyoosha thredi tu. Nikishamaliza nachungulia nyuma na tochi kila kichwa kimegusa habu, afu nafuta grisi yote kwenye thredi, coz ukikaza nati ya tairi kwenye grisi namba ya kukazia iliyo kwenye kitabu inakuwa uongo, stadi inavutika kupita kiasi.

Saa sita. Mbele kulia imeisha, dramu za nyuma zimekuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea. Saa saba tumekula.

Saa nane. Nimesugua nyuso zote kwa brashi ya waya, hata punje ya kutu ikibaki chini ya spesa leo, kesho inasagika nati zinalegea zenyewe. Spesa zikakaa, tairi zikapanda, dogo anakaza na torki renchi, ile spana inayolia nguvu uliyoiwekea ikifika, kwa nyota, yani kwa kuvuka vuka. Klik. Klik. Klik. Raha. Mi nikashika tairi la kwanza juu na chini nikalitikisa kwa mazoea tu.

Tok tok.

Nikadhani beringi. Nikatikisa tena nikiwa nimeangalia rimu, rimu ndo inacheza! Na renchi imelia mara sita. Nikatoa nati moja nikaigeuza: ni zile zilizozibwa kichwa. Nikaingiza vania, kile kipimo cha milimita, kina chake milimita 22. Stadi inayotokeza kupita rimu ni 23 na nusu. Yani nati ilikuwa inafika mwisho wa stadi inakaza dari lake yenyewe, renchi inalia vizuri kabisa huku rimu haijabanwa na kitu. Nimehesabu mizunguko asubuhi kwa mbwembwe zote afu sikupima nati, ni mimi huyo.

Saa tisa hadi kumi. Kutafuta nati 24 zilizo wazi, thredi ile ile, na mdomo wa koni wa nyuzi 60 kama rimu zake zinavyotaka. Tukarudia zote. Safari hii mizunguko kumi na tano na ncha ya stadi inachungulia nje kidogo. Hazipendezi kama za kuziba, jamaa kalalamika.

Saa kumi na moja. Nimezunguka nayo, nimekata usukani pande zote hadi mwisho, amu haiguswi. Nimekaza tena zikiwa zimepoa, nikabandika karatasi kwenye dashibodi: "Ukifika kilomita 80 rudi tukaze."

Saa mbili usiku simu inaita.

"Fundi, mbona usukani umebadilika?"