Kituo kimya, wingu chini: nilivyoamua kujaribu kutua mara moja tu

Mama mkwe wa rafiki yangu alikuwa ametoka Tanga kuja kumlea binti yake aliyejifungua. Rafiki yangu anaishi kwenye mji mdogo magharibi ya Hays, hapa Kansas, na mimi niko Wichita na ndege ndogo, Cessna 182. Nikaahidi kumpeleka Mama mwenyewe, safari ya saa moja na dakika chache.

Asubuhi ile kiwanja cha kule hakikuwa na taarifa ya hali ya hewa. Kituo chao cha kujiendesha kilikuwa kimeharibika: ukipiga simu yake hakuna sauti, kwenye kompyuta hakuna kitu. Hapa Marekani sheria inamruhusu rubani wa ndege binafsi kuanza kushuka kwa vyombo, yaani ndani ya wingu kwa kufuata vipimo vya ndege tu, hata bila taarifa ya kiwanja anachokiendea. Ndege za abiria za kibiashara haziruhusiwi. Kwa hiyo ruhusa nilikuwa nayo, lakini haikuniambia chochote kuhusu wingu.

Nikachukua karatasi. Hays, upande wa mashariki, waliripoti wingu futi 900 juu ya ardhi. Goodland, mbali magharibi, futi 300 na ukungu mwepesi. Upepo ulitoka mashariki, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kansas watu huiita tambarare, lakini si bapa. Hays iko futi 1,999 juu ya usawa wa bahari, Goodland 3,656. Upepo wa mashariki wenye unyevu hupandishwa na ardhi hiyo polepole, unapoa, na wingu linatanda chini. Usipolikumbuka hilo utasoma taarifa ya jirani ukadhani ni yako.

Kiwanja nilichokuwa nakiendea kiko karibu futi 2,500. Kama tumbo la wingu lilikuwa limenyooka kutoka Hays, yaani kwenye futi 2,900 za usawa wa bahari, kwangu zingebaki 400 tu juu ya ardhi. Kama lilipanda pamoja na ardhi kuelekea Goodland, ningepata kama 700. Jibu lilikuwa mahali fulani kati ya hizo mbili.

Kisha altimeta, kipimo cha kimo kinachofanya kazi kwa mgandamizo wa hewa. Bila kituo cha pale, sikuwa na mgandamizo wa hewa wa pale. Karatasi ya utaratibu wa kutua iliniruhusu kutumia wa Hays kwa sharti la kupandisha futi 100 kikomo changu, yaani kimo ambacho nikikifikia bila kuona njia ya kurukia wala taa zake lazima nipande tena; nikawa na kikomo cha futi 360 juu ya ardhi, yaani altimeta isome 2,860. Mgandamizo ulikuwa unapungua kuelekea magharibi. Kila tofauti ya inchi 0.01 ya zebaki ni kama futi 10. Kama kwangu ulikuwa pungufu kwa 0.04, ningekuwa futi 40 chini ya pale altimeta inaponionyesha. Zile futi 100 zimewekwa kwa ajili hiyo.

Nikampigia rafiki yangu. "Kaka, lile ghala la nafaka karibu na kiwanja, unaliona lote?"

"Naliona mpaka juu. Lakini wingu liko palepale juu yake."

Ghala lile ni refu kama futi 200. Haikuwa taarifa rasmi, ila nilijua wingu halijagusa ardhi.

Kilichonifanya niondoke ni Salina, kiwanja changu cha akiba nikishindwa kutua kule. Iko chini zaidi, futi 1,288, taa zake ni nzuri, njia yake ya kurukia inazidi futi 12,000, na wingu la siku ile lingekuwa juu sana pale. Baridi ya kugandisha mabawa haikuwepo kwenye kimo changu. Matangi yalijaa: galoni 87, na injini hunywa kama 13 kwa saa. Nikaandika juu ya karatasi: MARA MOJA, yaani jaribio moja tu, nikishindwa niende Salina. Nikamwambia rafiki yangu asije na mtoto kiwanjani, na nikamwambia Mama kabla hajapanda.

"Shikamoo, Mama. Huenda leo tukashukia Salina, kisha twende kwa gari saa mbili."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye nahodha. Mjukuu hakimbii."

Sentensi ile ilinitua mzigo kuliko mahesabu yote.

Tuliingia wingu kwenye futi 4,300. Mshale wa kipimo kinachoonyesha njia ya kushukia ulikaa katikati kama umegundishwa. Futi 3,200, kijivu. Futi 3,000, kijivu. Kwenye 2,900 niliona weusi wa shamba moja kwa moja chini yangu, kupitia tundu, kisha likajifunga. Mbele hapakuwa na taa hata moja. Na hapo kishawishi kikaja: futi 50 tu zaidi, ardhi si nimeshaiona? Lakini kuona shamba chini si kuona njia ya kurukia mbele, na katika hizo 50 nilizozitamani, huenda 40 nilikuwa nimeshazitumia bila kujua. 2,860. Nguvu yote, pua juu, tukapanda.

Mama alikuwa na tasbihi mkononi. Hakuuliza kitu mpaka tulipotoka juu kwenye jua.

"Salina?" akasema.

"Salina, Mama."

Tulitua huko chini ya wingu la futi 1,500, nikakodi gari. Njiani rafiki yangu alipiga simu. Alikuwa amekwenda kiwanjani peke yake licha ya niliyomwambia. "Nilikusikia juu ya kichwa changu," alisema, "nikageuka kutazama ghala. Nililiona nusu tu."

Tulifika kwao jioni. Mama alinawa mikono, akampokea mjukuu.